Homa kama Ujumbe wa Mwili: Sitokini na Kupanda kwa Joto katika Homa ya Papasi

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna molekuli za mawasiliano za mfumo wa kinga, zinazoitwa sitokini, zinavyosababisha joto la mwili kupanda wakati wa maambukizi ya bakteria. Mfano unaotumika ni homa ya papasi pamoja na nduguye, homa ya kurudiarudia inayoenezwa na chawa. Magonjwa haya mawili yanajulikana katika eneo la Afrika Mashariki, Kongo na Ethiopia. Makala inaonesha kwamba joto la mgonjwa hutokana na uamuzi wa mwili wenyewe baada ya kupata habari za uvamizi, na kwamba bakteria hawalitengenezi joto hilo moja kwa moja. Ushahidi ulio wazi zaidi ni homa inayopanda saa chache baada ya mgonjwa kupewa dawa inayoua bakteria. Hatimaye makala inajadili namna maelezo haya yanavyoweza kutolewa kwa Kiswahili kinachoeleweka na mgonjwa, kwa kutenganisha maana tatu zinazobebwa na neno moja, homa.

1.0 Utangulizi

Neno homa, lenye asili ya Kiarabu, limebeba mzigo mkubwa katika Kiswahili. Kwanza, linataja dalili, yaani hali ya mwili kuwa na joto lisilo la kawaida. Pili, linataja magonjwa: homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya uti wa mgongo, homa ya dengi. Tatu, hubadilika maana kutoka mahali hadi mahali. Msemaji wa Kenya anaposema ana homa, mara nyingi huwa na maana ya mafua, ilhali msemaji wa Tanzania kwa kawaida huwa na maana ya joto la mwili. Kamusi za zamani zilihifadhi pia neno mkunguru, homa inayompata mtu anapohamia mahali pageni kwake.

Lugha jirani zina hali kama hiyo. Katika Kiganda, omusujja ni homa, na watu hulitumia pia kwa malaria. Katika Kinyarwanda, umuriro ni moto, na neno hilohilo hutumika kwa homa. Majina haya yote yanatokana na kile anachokihisi mgonjwa na kinachoonekana na wanaomuuguza. Hayaelezi joto hilo linatoka wapi.

Swali la asili ya joto lina uzito wa kiutendaji. Mahali ambapo kila homa hudhaniwa kuwa malaria, mgonjwa mwenye maambukizi ya bakteria anaweza kupewa dawa isiyomfaa. Anayetumia dawa ya kushusha joto anaweza kudhani amepona kwa sababu tu mwili umepoa. Na aliyepewa dawa sahihi anaweza kuikataa dozi inayofuata ikiwa joto lake litapanda mara baada ya kuipokea. Makosa haya matatu yana mzizi mmoja, nao ni kuchukulia joto la mwili na ugonjwa kuwa kitu kimoja. Sehemu zinazofuata zinafuatilia safari ya homa kutoka kwa bakteria hadi kwenye ubongo, na kutoka kwenye ubongo hadi kwenye ngozi na misuli.

2.0 Papasi, Chawa na Bakteria wa Homa ya Kurudiarudia

Papasi ni mdudu wa jamii ya kupe mwenye ngozi laini. Spishi inayohusika zaidi katika eneo hili huitwa Ornithodoros moubata. Hukaa katika nyufa za sakafu za udongo na kuta za nyumba zilizokandikwa, hutoka usiku, humnyonya damu mtu aliyelala kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni. Mara nyingi aliyeumwa hana habari kwamba ameumwa.

Kiini cha ugonjwa huu kilichunguzwa katika eneo hili mwanzoni mwa karne ya 20. Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd, watafiti waliotumwa na Chuo cha Tiba ya Nchi za Joto cha Liverpool, walionesha mashariki mwa Kongo kwamba papasi huambukiza binadamu bakteria wa umbo la uzi uliojiviringa. Watafiti wote wawili waliambukizwa, na Dutton alifariki dunia huko Kongo mwaka 1905 akiwa na umri wa miaka 30. Bakteria hao waliitwa Borrelia duttonii kwa kumkumbuka. Katika kipindi hichohicho Robert Koch alikuwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambako alionesha kwamba papasi jike anaweza kurithisha bakteria hao kupitia mayai yake. Ndiyo maana nyumba inaweza kubaki na hatari muda mrefu baada ya mgonjwa kuondoka.

Homa ya kurudiarudia ya aina ya pili huenezwa na chawa wa mwilini, na bakteria wake huitwa Borrelia recurrentis. Hii huandamana na msongamano, baridi, umaskini na ukimbizi, na nyanda za juu za Ethiopia zimekuwa mojawapo ya makao yake ya kudumu.

Dalili za aina hizi mbili zinafanana. Takriban wiki moja baada ya kuambukizwa, mgonjwa hushikwa ghafla na baridi kali, tetemeko, maumivu ya kichwa na misuli, na joto linaloweza kufikia nyuzi 40 za sentigredi au zaidi. Baada ya siku kadhaa, joto hushuka ghafla huku jasho likimtoka kwa wingi. Hufuata siku kadhaa za nafuu, kisha homa hurudi. Katika aina ya papasi mzunguko huo unaweza kujirudia mara nyingi. Wajawazito wako katika hatari kubwa zaidi, ikiwemo ya kuharibikiwa na mimba.

Sababu ya kurudiarudia inafahamika. Bakteria hao wamevikwa protini ambazo mfumo wa kinga hujifunza kuzitambua na kuzitengenezea kingamwili. Kingamwili zikishakuwa tayari, bakteria wengi huangamizwa kwa muda mfupi. Hata hivyo, wachache miongoni mwao huwa wamekwisha kubadili protini za vazi lao, na kingamwili zilizopo haziwatambui. Hao huzaliana hadi damu ijae tena, na homa huanza upya. Kwa hiyo siku za nafuu si siku za kupona. Bakteria wamo mwilini, ila idadi yao katika damu ni ndogo kiasi kwamba hata hadubini huweza isiwaone. Sampuli ya damu huwa na manufaa zaidi ikichukuliwa wakati joto liko juu.

3.0 Kutoka kwa Bakteria hadi Sitokini

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba bakteria hutoa sumu inayoupasha mwili joto moja kwa moja, kama vile kaa la moto linavyopasha maji. Dhana hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa vipande vya bakteria waliokufa vikidungwa mwilini mwa mnyama huleta homa. Kilichokosekana ni kiungo cha kati. Mwaka 1948 Paul Beeson alionesha kwamba seli nyeupe za damu ya sungura zina kitu kinacholeta homa, ambacho ni tofauti na sumu ya bakteria. Ikabainika kwamba mwili wenyewe una viletahoma vyake. Katika miaka iliyofuata kitu hicho kilisafishwa na kuchambuliwa, hasa katika kazi za Charles Dinarello, na kikatambuliwa kuwa miongoni mwa protini ambazo leo huitwa intalukini-1.

Hatua za mwanzo za safari hiyo sasa zinaeleweka vizuri. Katika damu, ini, wengu na mapafu mna seli za ulinzi, zikiwemo monosaiti na makrofaji. Juu ya seli hizi kuna vipokezi ambavyo kazi yake ni kutambua maumbo yanayopatikana kwa vimelea lakini hayapatikani kwa seli za binadamu. Bakteria wengi, kama wale wa homa ya matumbo, wana katika utando wao wa nje molekuli iitwayo lipopolisakaridi, ambayo hutambuliwa na kipokezi kijulikanacho kama TLR4. Ugunduzi wa kazi ya kipokezi hicho mwaka 1998 ulimletea Bruce Beutler sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2011. Bakteria wa homa ya kurudiarudia hawana lipopolisakaridi. Wao hutambuliwa kupitia lipoprotini zilizo juu ya utando wao, zikiwemo zilezile wanazozibadili ili kuikwepa kinga. Vazi linalowaficha dhidi ya kingamwili ndilo linaloamsha seli za ulinzi.

Kipokezi kikishashika molekuli ya bakteria, ndani ya seli huanza mfululizo wa ishara unaofika hadi kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni kadhaa. Matokeo yake ni kutengenezwa kwa sitokini. Sitokini ni protini ndogo zinazotolewa na seli moja ili kubadili mwenendo wa seli nyingine, iliyo karibu au iliyo mbali. Tatu kati yake ndizo zinazohusishwa zaidi na homa: TNF, intalukini-1 na intalukini-6. TNF hutokea mapema sana, intalukini-6 hufuata na kudumu kwa muda mrefu zaidi. Kila moja huchochea kutolewa kwa nyingine, na hivyo taarifa iliyoanzia kwenye seli chache huenea mwilini kwa muda mfupi.

Katika hatua hii bado hakuna joto lililoongezeka. Kilichopo ni taarifa tu. Bakteria wametambuliwa na habari imetangazwa katika damu. Uamuzi wa kupandisha joto hufanyika mahali pengine.

4.0 Kutoka kwenye Sitokini hadi Ubongo

Joto la mwili hurekebishwa na sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, hasa eneo lake la mbele. Neva za hapo hupokea taarifa kutoka kwenye ngozi na viungo vya ndani, huzilinganisha na kiwango lengwa ambacho kwa kawaida kiko karibu na nyuzi 37, kisha hutoa amri za kuhifadhi au kupunguza joto. Ubongo hulindwa na ukuta wa mishipa ya damu usioruhusu protini kubwa kupenya kwa urahisi. Hivyo panazuka swali: sitokini zilizo katika damu huifikishaje habari kwenye neva zilizo nyuma ya ukuta huo?

Jibu kuu ni kwamba si lazima sitokini zivuke. Seli zinazounda kuta za mishipa ya damu ya ubongo zina vipokezi vya sitokini. Intalukini-1 na wenzake wanapozifikia, seli hizo huanza kutengeneza kimeng'enya kiitwacho siklooksijenasi-2. Kimeng'enya hiki, kikishirikiana na vingine, hugeuza aina ya mafuta iliyo katika utando wa seli kuwa prostaglandini E2. Hii ni molekuli ndogo, na hupenya hadi kwenye tishu za ubongo. Habari iliyobebwa na protini kubwa hukabidhiwa mjumbe mdogo mlangoni. Zipo pia njia za kusaidia. Baadhi ya sehemu za ubongo zina ukuta uliolegea, na neva ya vagasi hupeleka taarifa kutoka tumboni na kwenye ini. Lakini prostaglandini E2 ndiyo kiungo kinachokutanisha njia nyingi.

Ushahidi wa jambo hili ni wa namna mbili. Kwanza, panya wa maabara waliozaliwa bila kipokezi cha prostaglandini E2 kiitwacho EP3 hawapati homa hata wakidungwa lipopolisakaridi au intalukini-1. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1998. Pili, dawa zinazozuia siklooksijenasi hushusha homa. Mwaka 1971 John Vane alieleza kwamba aspirini huzuia utengenezaji wa prostaglandini, kazi iliyomletea sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1982. Parasetamoli nayo hushusha homa kwa kupunguza prostaglandini katika ubongo.

Prostaglandini E2 inaposhika kipokezi cha EP3, hunyamazisha neva ambazo kwa kawaida huzuia mwili usizalishe joto kupita kiasi. Kizuizi kikiondolewa, amri hushuka kupitia shina la ubongo na uti wa mgongo hadi kwenye mishipa ya damu ya ngozi na kwenye misuli. Kwa lugha nyepesi, kiwango lengwa kimepandishwa. Nyuzi 37 zilizokuwa sawa sasa zinahesabiwa kuwa chache.

5.0 Sababu ya Mgonjwa Mwenye Joto Kuhisi Baridi

Maelezo haya yanajibu swali ambalo kila anayeuguza amewahi kujiuliza. Mgonjwa anaomba blanketi la pili, meno yanagongana, ilhali paji la uso wake linachoma. Ikiwa ubongo umeweka kiwango lengwa cha nyuzi 40 na damu bado iko kwenye nyuzi 38, basi kwa hesabu ya ubongo mwili una upungufu wa nyuzi 2. Hisia ya baridi ni ya kweli, kwa kuwa hutolewa na neva zilezile zinazohisi baridi ya mvua. Mishipa ya ngozi hujibana ili damu isipoteze joto, na ndiyo sababu mikono na miguu huwa baridi. Misuli hutetemeka ili kuzalisha joto. Mtoto mchanga, ambaye hatetemeki vizuri, hutumia mafuta ya kahawia yaliyo mgongoni na shingoni mwake.

Joto linapokifikia kiwango kipya, tetemeko hukoma na mgonjwa huhisi joto tu. Sitokini zikipungua, au dawa ikizuia prostaglandini, kiwango lengwa hushuka na hesabu hugeuka. Sasa mwili una joto la ziada, mishipa ya ngozi hufunguka na jasho hutoka. Kwa hiyo jasho huonesha kwamba kiwango lengwa kimeshuka. Halioneshi peke yake kwamba bakteria wamekwisha.

Hapa pia ndipo homa inapotofautiana na joto la kupigwa na jua au la kufanya kazi nzito penye hewa iliyofungika. Katika hali hizo kiwango lengwa hakijabadilika, ila mwili umeshindwa kujipoza. Parasetamoli haisaidii, kwa kuwa hakuna prostaglandini ya kuzuiwa. Kinachohitajika ni kumpoza mgonjwa kwa maji na hewa bila kuchelewa. Katika homa ya kweli mwili hujiwekea mipaka: pamoja na sitokini zinazopandisha joto, hutolewa nyingine, kama intalukini-10, pamoja na homoni za tezi za adrenali, ambazo huzituliza. Kwa sababu hiyo homa ya maambukizi mara chache huvuka nyuzi 41.

6.0 Homa Inayopanda Baada ya Dawa

Homa ya kurudiarudia hutibika kwa viuavijasumu vya kawaida, vikiwemo penisilini na tetrasaiklini. Hata hivyo, saa moja au mbili baada ya dozi ya kwanza, wagonjwa wengi huonekana kuzidiwa. Baridi na tetemeko huanza upya, joto hupanda kuliko lilivyokuwa, mapigo ya moyo huenda mbio, kisha hufuata jasho jingi na shinikizo la damu kushuka. Hali hii huitwa mwitiko wa Jarisch na Herxheimer, kwa majina ya madaktari wawili walioieleza zamani katika matibabu ya kaswende kwa zebaki. Wagonjwa wengi huivuka, lakini kwa walio dhaifu inaweza kuua, hasa katika homa inayoenezwa na chawa.

Kama joto lingekuwa linatengenezwa na bakteria walio hai, kuwaua kungepaswa kulishusha papo hapo. Kinachotokea ni kinyume chake. Penisilini huvunja ukuta wa bakteria, na kwa muda mfupi damu hujaa vipande vya lipoprotini zao. Seli za ulinzi hukutana kwa wakati mmoja na idadi kubwa ya ishara ambazo hapo awali zilikuwa zikitokea polepole. Vipimo vya damu vilivyochukuliwa kwa wagonjwa katika saa hizo vimeonesha kwamba TNF, intalukini-6 na intalukini-8 huongezeka sana sambamba na tetemeko na joto.

Kuongezeka kwa pamoja hakuthibitishi kwamba kimoja kinasababisha kingine. Jaribio lililofanyika Addis Ababa na kuchapishwa mwaka 1996 na madaktari wa Ethiopia na Uingereza lilikwenda hatua moja mbele. Wagonjwa 49 wenye homa ya kurudiarudia ya chawa waligawanywa katika makundi mawili kabla ya kudungwa penisilini. Kundi la wagonjwa 20 lilipewa kwanza vipande vya kingamwili za kondoo vinavyoishika TNF na kuizuia isifanye kazi, na kundi la wagonjwa 29 halikupewa. Katika kundi la pili, wagonjwa 26 walipata mwitiko. Katika kundi la kwanza walipata 10. Joto la waliopewa kinga hiyo lilipanda kwa kiasi kidogo kuliko la wenzao, na viwango vyao vya intalukini-6 na intalukini-8 vilikuwa vya chini.

Jaribio hilo lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba TNF ni sababu na si shahidi tu, kwani ilipozuiwa, bakteria walikufa vilevile, lakini nusu ya wagonjwa hawakupatwa na mwitiko. La pili ni kwamba TNF haiko peke yake. Nusu ya waliokingwa walipata mwitiko, jambo linaloashiria kwamba njia ni nyingi na zinasaidiana. Tiba hiyo ni ghali na haikuwa dawa ya kila zahanati, lakini ilitoa kwa binadamu ushahidi ambao majaribio mengi ya wanyama yalikuwa yakiuelekeza.

7.0 Faida na Gharama za Homa

Ikiwa mwili wenyewe ndio unaopandisha joto, ni halali kuuliza kwa nini unafanya hivyo. Mwaka 1975 Matthew Kluger na wenzake walichapisha uchunguzi wa mijusi wa jangwani ambao hawawezi kuzalisha joto la kutosha ndani ya miili yao, na hivyo hulipata kwa kuchagua mahali pa kukaa. Mijusi walioambukizwa bakteria na kuwekwa katika joto la juu walinusurika kwa wingi kuliko waliowekwa katika joto la chini. Joto la juu huwazuia baadhi ya vimelea kuzaliana kwa kasi na huharakisha kazi ya baadhi ya seli za kinga.

Faida hiyo ina gharama. Kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka huongeza matumizi ya nishati ya mwili kwa takriban asilimia 10 au zaidi. Mwenye moyo dhaifu, mjamzito au mtoto mwenye utapiamlo anaweza asiimudu gharama hiyo. Kwa upande mwingine, kushusha joto kwa dawa hakuonekani kubadili sana mwisho wa ugonjwa. Utafiti wa mwaka 2015 uliofanyika Australia na New Zealand kwa wagonjwa wapatao 700 walio mahututi na waliodhaniwa kuwa na maambukizi haukuona tofauti ya maana katika idadi ya siku ambazo hawakuhitaji uangalizi maalumu, kati ya waliopewa parasetamoli na wasiopewa. Parasetamoli humpa mgonjwa nafuu ya maumivu na uchovu, na hilo ni jambo jema. Haiui bakteria.

Ipo pia hali ambayo homa haitokei ingawa ugonjwa ni mkali. Mtoto mchanga, mzee sana na mtu mwenye utapiamlo mkali wanaweza kuwa na bakteria katika damu huku joto lao likiwa la kawaida au chini ya kawaida. Mfumo wao wa kutoa taarifa au wa kuitekeleza amri ni dhaifu. Kutokuwepo kwa joto kwa watu kama hao hakupaswi kumtuliza anayewauguza, hasa mtoto akikataa kunyonya au akilegea.

8.0 Maana ya Maelezo haya kwa Kiswahili cha Tiba

Safari iliyoelezwa hapo juu ina hatua tatu: kimelea, ujumbe na joto. Neno homa hutumika kwa hatua zote tatu, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Si lazima lugha iliache neno lililozoeleka. Kinachohitajika ni kuongeza maneno machache yanayotenganisha hatua hizo pale zinapopaswa kutenganishwa. Joto la mwili litaje kipimo cha kipimajoto. Homa itaje hali ambayo mwili umepandisha kiwango lengwa. Maambukizi yataje uwepo wa kimelea. Kwa mgawanyo huo, sentensi kama "joto limeshuka lakini maambukizi bado yapo" inaeleweka bila utata, ilhali "homa imeshuka lakini homa bado ipo" haisemi kitu.

Kwa molekuli zenyewe, utohozi kama sitokini, intalukini na prostaglandini unafaa katika vitabu vya sayansi, kwa kuwa msomaji atayakuta maneno hayo katika lugha nyingine pia. Katika mazungumzo na mgonjwa, neno ujumbe linatosha. Muuguzi anayemdunga penisilini mgonjwa wa homa ya papasi anaweza kumwambia: "Dawa hii itawaua wadudu walio katika damu yako. Wanapokufa kwa wingi, mwili wako utapiga mbiu, nawe utahisi baridi na joto litapanda kwa saa kadhaa. Tutakaa nawe mpaka lishuke." Maneno hayo hayana istilahi hata moja ya kigeni, lakini yamebeba yote yaliyoelezwa katika sehemu ya 6.0. Yanamwandaa mgonjwa na jamaa zake wasiione dawa kuwa sumu, na yanamkumbusha muuguzi mwenyewe wajibu wa kuangalia mapigo ya moyo na shinikizo la damu katika saa hizo.

Neno mdudu, ambalo hutumika sana kwa vimelea vya aina zote, linahitaji uangalifu katika ugonjwa huu mahususi. Papasi ni mdudu anayeonekana kwa macho, na bakteria ni kiumbe kisichoonekana. Mgonjwa anaweza kudhani kwamba papasi mwenyewe yumo mwilini. Maelezo ya nyongeza, kwamba papasi ni mbebaji na aliyemo katika damu ni mzigo wake, huondoa dhana hiyo na pia huonesha kinachopaswa kufanywa nyumbani: kuziba nyufa, kusakafia pale inapowezekana, na kulala juu ya kitanda kilichosogezwa mbali na ukuta.

9.0 Hitimisho

Katika maambukizi ya bakteria, joto hupanda kwa sababu seli za ulinzi zimeutambua uvamizi, zimetoa sitokini, na sitokini zimeufanya ubongo, kupitia prostaglandini E2, upandishe kiwango unachokilinda. Homa ya kurudiarudia inaonesha jambo hili kwa namna ambayo magonjwa mengine huificha. Joto hushuka ilhali bakteria wamo, na hupanda wakati wanapokufa. Kwa anayetibu, kipimajoto kinaeleza hali ya mawasiliano ndani ya mwili, na swali la nani aliyeyaanzisha mawasiliano hayo hujibiwa na kipimo cha damu. Kwa anayeandika na kufundisha tiba kwa Kiswahili, kazi iliyopo ni kuhakikisha kwamba tofauti kati ya joto, homa na maambukizi inasikika katika sentensi anazoambiwa mgonjwa kabla ya sindano ya kwanza.